Majilio Katika Shule za Nakuru

Majilio huanza Jumapili iliyo karibu zaidi na tarehe 30 Novemba, sikukuu ya Mtakatifu Andrea. Kwa hiyo siku zake si sawa kila mwaka: hazipungui 22, wala hazizidi 28. Mwaka 2023 zilikuwa 22 tu, kwani Krismasi iliangukia Jumatatu.

Mwalimu wa shule ya msingi ya Kikatoliki katika Nakuru ana taabu nyingine. Kwa kawaida muhula wa tatu humalizika kabla mshumaa wa kwanza haujawashwa, na watoto hutawanyika kwenda Molo, Njoro na Subukia. Afanyeje? Hana budi kufundisha mapema: zambarau ni rangi ya toba, na waridi ni ya furaha ya Jumapili ya tatu. Shada la mishumaa (wengi hawajui) lilitoka kwa Mlutheri, Johann Hinrich Wichern wa Hamburg, mwaka 1839. Mtakatifu Fransisko naye alipanga hori lenye ng'ombe na punda walio hai huko Greccio mwaka 1223.

Nionavyo mimi, maneno husahauliwa upesi kuliko kazi ya mikono. Mtoto aliyeonyeshwa kufinyanga ng'ombe na punda kwa udongo aweza kupanga hori nyumbani kwao, akawaeleza wazee wake maana yake.