Somo la Mwezi: Kutunza na Kutengeneza Baiskeli Nyumbani na kwa Fundi

Katika vijiji vingi vya Kaunti Ndogo ya Tana Delta, baiskeli ndiyo gari la nyumbani. Huwapeleka watoto shuleni, hubeba maembe na mahindi hadi soko la Garsen, huchota maji, na huwafikisha wagonjwa barabarani ili wapate gari la kwenda hospitali ya Ngao au Malindi. Siku inapoharibika, hasara huanza siku hiyo hiyo.

Matatizo mengi yanayoifikisha baiskeli kwa fundi huanza madogo. Usipoziba ufa utajenga ukuta: mnyororo usiotiwa mafuta hula meno, na spoku moja iliyokatika huvunja ya pili. Somo hili linaeleza kazi ambazo mkaazi anaweza kufanya mwenyewe, na zile ambazo ni bora ampelekee fundi.

Pancha na mwiba wa mathenge

Mathenge uliletwa katika maeneo kame ya Kenya ili kukinga udongo na kutoa kuni. Ulipandwa Bura katika miaka ya 1980, na tangu hapo mifugo na mafuriko yamesambaza mbegu zake hadi nyanda za chini. Mwiba wake ni mrefu na mgumu, na mara nyingi ncha hukatikia ndani ya tairi. Ndiyo sababu mtu huziba pancha asubuhi na jioni tairi limelala tena: tyubu ilizibwa lakini mwiba uliachwa.

Hatua za kuziba pancha ni hizi:

1. Geuza baiskeli juu chini. Toa upepo wote, kisha toa upande mmoja wa tairi kwa vijiti vya tairi au mpini wa kijiko usio na makali. Bisibisi hutoboa tyubu, isitumike.
2. Kabla ya kutoa tyubu, weka alama ya chaki kwenye tairi palipo na valvu. Alama hiyo itasaidia baadaye.
3. Jaza tyubu upepo na uizamishe kwenye beseni la maji. Panapotoka mapovu ndipo palipotoboka. Endelea hadi mwisho wa tyubu, kwa kuwa matundu yanaweza kuwa mawili.
4. Pima umbali kutoka valvu hadi kwenye tundu, kisha pima umbali huo huo kwenye tairi kuanzia alama ya chaki, kila upande. Mwiba utakuwa karibu na hapo. Pitisha kitambaa ndani ya tairi. Kitanasa kwenye ncha. Vidole vitupu vitachomwa.
5. Kausha tyubu, ikwaruze kwa msasa, paka gundi nyembamba na usubiri kama dakika 5 hadi ikauke na isishike kidole. Hapo ndipo kiraka hubandikwa na kukandamizwa kwa nguvu. Anayebandika gundi ikiwa mbichi atarudia kazi.
6. Rudisha tyubu ikiwa na upepo kidogo ili isikunjike, na uhakikishe haikubanwa kati ya tairi na rimu kabla ya kujaza.

Anayepita kila siku kwenye vichaka vya mathenge anaweza kumwomba fundi akate tyubu kuukuu na kuilaza kati ya tairi na tyubu nzima. Baiskeli huwa nzito kidogo, lakini pancha hupungua.

Mnyororo

Udongo wa delta ni mzito na hunata. Ukikauka kwenye mnyororo, huusaga kama msasa. Baada ya kupita kwenye tope, mnyororo uoshwe kwa brashi, ukaushwe, kisha utiwe tone moja la mafuta katika kila kiungo na kufutwa kwa kitambaa. Mafuta yanayobaki nje hukusanya vumbi. Oili chafu iliyotolewa kwenye injini ina chembe za chuma, kwa hiyo oili safi kidogo ni bora kuliko oili chafu nyingi.

Kujua kama mnyororo umechakaa, pima kwa rula. Pini 25 zinazofuatana zina nafasi 24 kati yake, na nafasi hizo kwenye mnyororo mpya ni takriban sentimita 30.5. Zikifika sentimita 30.7, mnyororo ubadilishwe. Zikikaribia sentimita 30.8, huenda meno ya nyuma nayo yameliwa, na gharama itaongezeka.

Breki

Katika barabara ya Malindi kwenda Garissa, na hasa karibu na njia panda ya Minjila, mwendesha baiskeli hukutana na malori na mabasi. Breki mbovu hapo ni hatari kwa maisha. Raba za breki ziguse rimu pekee, zisiguse tairi. Zikibaki nyembamba kiasi cha milimita 3, zibadilishwe. Mafuta ya mnyororo yasifike kwenye rimu. Wakati wa mvua breki hushika polepole, kwa hiyo mwendeshaji aanze kufunga mapema.

Anayetembea usiku awe na taa mbele na kiakisi au taa nyekundu nyuma. Dereva hawezi kumkwepa asiyemwona.

Spoku na mizigo

Mtungi wa lita 20 uliojaa maji una uzito wa kilo 20. Mitungi minne ni kilo 80, na karibu uzito wote hukaa kwenye gurudumu la nyuma. Ndiyo maana baiskeli nyingi kubwa za mizigo za mtindo wa zamani wa Uingereza zina spoku 32 mbele na 40 nyuma.

Mara moja kwa wiki, gusa spoku moja moja kwa kidole. Zilizokazwa hutoa sauti zinazofanana. Iliyolegea hutoa sauti nzito au haisikiki. Nati yake ikazwe robo mzunguko tu kwa wakati, huku gurudumu likizungushwa kuangalia kama limenyooka. Spoku zikiwa zimekatika mbili au zaidi, au rimu imepinda, kazi hiyo ni ya fundi.

Baada ya maji ya mafuriko

Mafuriko ya mwisho wa 2023 na yale ya Aprili na Mei 2024 yaliacha baiskeli nyingi zikiwa zimelowa. Kuosha nje hakutoshi. Maji na matope huingia kwenye kitovu cha gurudumu na kwenye ekseli ya pedali, yakala grisi, na gololi hushika kutu kimyakimya. Dalili ni gurudumu kukwaruza linapozunguka au kuyumba likisukumwa kando.

Fundi hufungua kitovu, huosha gololi na koni kwa mafuta ya taa, huweka grisi mpya na kukaza tena. Kwa kawaida kuna gololi 10 kila upande wa gurudumu la mbele na 9 kila upande wa nyuma. Anayefungua mwenyewe azihesabu kabla hazijatawanyika. Koni zikazwe hadi gurudumu lisiyumbe, lakini bado lizunguke kwa urahisi.

Jambo moja ni muhimu kuliko baiskeli: maji yanayotiririka juu ya njia yasivukwe, wala kwa kuendesha wala kwa kusukuma. Mkondo humwangusha mtu mzima, na Mto Tana una mamba na viboko. Afadhali kuchelewa.

Kujifunza kwa fundi

Mafundi wengi wa baiskeli hufanya kazi mahali pa wazi, chini ya mti au kibanda. Hii ni nafasi ya mkaazi kusimama, kutazama na kuuliza. Kabla ya kazi kuanza, mteja aulize ni kifaa gani kitabadilishwa na kwa bei gani. Baada ya kazi, aombe kuonyeshwa kile cha zamani. Anayekwenda kununua tairi au tyubu asome kwanza namba zilizoandikwa ubavuni mwa tairi, kwa mfano 28 x 1½ au 26 x 1.95. Saizi hizo haziingiliani.

Kwa kijana au binti anayetafuta kazi, miezi michache kando ya fundi mwenye subira ni shule kamili. Huanza na pancha na mnyororo, hufuata breki, kisha vitovu, na mwisho kusuka gurudumu upya. Vifaa vya kuanzia ni vichache: spana, pampu, vijiti vya tairi, msasa, gundi na beseni. Anayetaka kuendelea anaweza kuuliza katika chuo cha ufundi cha kaunti kilicho karibu naye. Chini ya Katiba ya 2010, vyuo vya ufundi vya mashinani viko chini ya serikali za kaunti. Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwanda, NITA, hutoa mitihani ya ufundi katika ngazi za 3, 2 na 1 kwa fani kama uchomeleaji na umakanika wa magari, na fundi aliyejifunzia kazini pia anaweza kuomba ujuzi wake utambuliwe rasmi.

Ukaguzi wa dakika 5 kila Jumapili jioni

- Upepo: tairi lisibonyee kwa urahisi likikandamizwa kwa kidole gumba.
- Miiba: chunguza tairi zote mbili na ung'oe iliyokwama juu juu.
- Breki: sukuma baiskeli, funga, gurudumu lisimame.
- Mnyororo: usiwe mkavu, na usichezecheze zaidi ya sentimita 2 katikati.
- Nati za magurudumu, usukani, kiti na karia: zote zikazwe.

Wazazi wanahimizwa kufanya ukaguzi huu pamoja na watoto wao, ili Jumatatu asubuhi kila mwanafunzi afike shuleni salama na kwa wakati.