Mgongo Unaanzia Miguuni

Msimu wa viazi ukifika, simama Makambako pale barabara ya Songea inapoachana na ile ya Tunduma, uangalie vijana wanaopakia magunia kwenye fuso. Angalia miguu kabla ya migongo. Aliyeizoea kazi hupanga nyayo kwanza: zimeachana kiasi cha upana wa mabega, moja imetangulia kidogo, na hakubali gunia limguse mpaka ajue pale alipokanyaga hapatelezi. Mgeni wa kazi hutanguliza mabega. Gunia linamkuta miguu imebanana, anayumba, kiuno kinajipinda kumzuia asianguke, na jioni anatafuta dawa ya kuchua.

Ushauri tuliokua nao, wa "kaa wima, nyoosha mgongo", unaanzia mahali pasipostahili. Mtu husimama kwa sababu uzito wake unaangukia ndani ya kieneo kidogo kilichozungukwa na nyayo zake. Uzito ukivuka mpaka huo, misuli ya mgongo ndiyo inayoitwa kuokoa jahazi, na ikiitwa siku nzima itachoka. Kwa hiyo shughulikia kwanza miguu, ardhi na mzigo. Mgongo kwa sehemu kubwa utajipanga wenyewe.

Kieneo hicho kimekuwa kidogo tangu zamani sana. Nyayo za Laetoli, kule Ngorongoro, zilizofukuliwa na timu ya Mary Leakey mwaka 1978, zina umri wa zaidi ya miaka milioni 3.6, na zinaonyesha viumbe waliokwisha kutembea kwa miguu miwili, kisigino kikitangulia kama chako. Ila hao hawakubebeshwa magunia ya lumbesa.

Jipime kwanza

Ubongo huletewa habari za usawa wa mwili kutoka sehemu tatu: macho, sikio la ndani, na nyayo pamoja na viungo vya miguu. Chanzo kimoja kikidhoofika, viwili vilivyobaki hufidia, na mtu anaweza kuishi miaka bila kugundua. Anagundua siku taa zinapozimika.

Simama karibu na ukuta, vua viatu, unganisha miguu, kisha fumba macho. Kuyumba kidogo ni kawaida. Ukiyumba hadi kushika ukuta, macho yako yamekuwa yakifanya kazi ya miguu au ya masikio. Halafu fumbua macho, nyanyua mguu mmoja, uhesabu. Utafiti mmoja wa Brazili uliochapishwa mwaka 2022 uliwapima watu wa miaka 51 hadi 75 kwa kipimo hiki, na walioshindwa kufikisha sekunde 10 walionekana kuwa na hatari kubwa zaidi ya kufariki katika miaka iliyofuata. Si kwamba kusimama kwa mguu mmoja kunarefusha maisha. Kushindwa ni dalili ya mambo mengine, na ni dalili usiyolipia hata shilingi kuiona. Habari njema ni kwamba uwezo huu hurudi kwa mazoezi. Simama hivyo kila ukipiga mswaki, leo mguu huu na kesho ule, ukuta ukiwa karibu.

Kuinama

Hapa ndipo penye shida kubwa ya mkoa wetu wa Njombe, maana viazi havichimbwi mtu akiwa amesimama, na bustani za vinyungu huko mabondeni zinataka mtu ainame toka asubuhi.

Chukua mpini wa jembe. Uweke wima mgongoni, uguse sehemu tatu: kichogo, katikati ya mabega, na juu ya makalio. Mkono mmoja ushike juu nyuma ya shingo, mwingine chini nyuma ya kiuno. Sasa inama polepole. Mpini ukiachana na sehemu mojawapo, umeinama kwa kukunja mgongo. Rudia: legeza magoti kidogo, sukuma makalio nyuma kana kwamba unafunga mlango nayo, kifua kishuke chenyewe. Mkunjo uwe kwenye nyonga, pale paja linapokutana na tumbo. Wamama wengi waliolima tangu utotoni hufanya hivi bila kufundishwa; watazame wakipalilia utaona mgongo umelala bapa na kazi inafanywa na mapaja. Wanaohitaji mpini ni sisi tuliokaa madawatini miaka mingi kisha tukarudi kulima parachichi.

Mkunjo mzuri nao una kikomo. Mkao wowote ukidumu sana unaumiza, hata ule unaosifiwa. Ukimaliza tuta, simama, weka viganja kiunoni, rudisha kifua nyuma mara tano au sita, ndipo uingie tuta la pili. Mpini nao uupime: ukiwa mfupi kiasi kwamba kichwa kinakaribia magoti, badilisha mpini kabla hujanunua mkanda wa kiuno.

Jambo moja wakulima wa maeneo ya baridi hawaambiwi. Usiku ukiwa umelala, diski zilizo kati ya pingili za mgongo hunyonya maji na kuvimba, ndiyo maana asubuhi mtu huwa mrefu kwa sentimita moja au mbili kuliko jioni. Diski iliyojaa hivyo haipendi kukunjwa. Sasa fikiria Njombe mwezi Julai: mtu anatoka kwenye blanketi saa kumi na mbili, misuli imekakamaa kwa baridi, na kazi ya kwanza ni kuinama na kung'oa. Ipe saa ya kwanza shughuli nyingine. Tembea hadi shamba badala ya kupanda bodaboda, kagua mipaka, panga magunia. Kuchimba kuanze mwili ukiwa umepata joto.

Madereva na matingo wanaoshuka Makambako baada ya saa nyingi za kukaa wako kwenye hali inayofanana na hiyo. Kutoka kwenye kiti moja kwa moja hadi chini ya gunia ni kujitafutia maradhi. Zunguka gari mara mbili tatu, kagua matairi, ndipo ushike mzigo.

Kubeba

Kichwani ni mahali pazuri pa kubebea, mradi mzigo uwe mdogo. Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha utafiti uliofanywa Kenya kwa wanawake wa Kijaluo na Kikikuyu. Ilionekana wanaweza kubeba mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wa miili yao bila kutumia nguvu zaidi ya wanapotembea mikono mitupu. Mwaka 1995 ikaelezwa kwamba siri imo kwenye mwendo wao, ambao hupoteza nguvu kidogo sana kati ya hatua na hatua. Piga hesabu: mwanamke wa kilo 60, asilimia 20 ni kilo 12. Ndoo ya lita 20 iliyojaa imeshapita hapo kwa mbali. Utafiti wa baadaye Afrika Kusini haukuikuta nafuu hiyo kwa kila mbebaji, na ulikuta shingo zikiuma. Kwa hiyo jaza ndoo nusu uende mara mbili ikiwa kisima si mbali, tumia kata nene, na omba mtu akutwishe. Shingo nyingi huumia wakati wa kujitwisha peke yako na wakati wa kutua, mzigo unapokuwa pembeni ya kichwa. Njiani zina nafuu.

Begani, badilisha bega. Mbao za misindano zinabebwa begani, na mtu mwenye bega moja la kazi huishia kutembea ameinamia upande hata akiwa hana kitu. Mchuma chai naye mzigo wake uko nyuma na unaongezeka taratibu, asione ni saa ngapi alianza kuinama mbele kuufidia. Dawa yake ni kumwaga kikapu kabla hakijajaa, ingawa najua wanaolipwa kwa kilo hawatanishukuru kwa ushauri huu.

Mama mwenye mtoto mgongoni afunge mbeleko juu, makalio ya mtoto yakae usawa wa kiuno chake, mtoto abanwe karibu. Mtoto aliyening'inia chini anamvuta mama nyuma, na mama anajibu kwa kutoa tumbo mbele.

Lumbesa sasa. Kanuni za vipimo nchini zinataka gunia la mazao lisizidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo wamekuwa wakipambana na magunia yaliyoshonewa kilemba kwa miaka mingi. Mjadala huwa ni wa bei, kwamba mkulima anapunjwa. Ni kweli anapunjwa, ila na mpakiaji pia anavunjwa. Pendekezo namba 128 la Shirika la Kazi Duniani, la mwaka 1967, linasema mwanamume mzima asibebeshwe kwa mikono zaidi ya kilo 55. Hata gunia halali kwa sheria yetu linakaribia mara mbili ya hapo. Hakuna mbinu ya kuinama itakayolifanya gunia la lumbesa liwe salama kwa mtu mmoja. Kinachosaidia ni kupakia kwenye mifuko midogo, au watu wawili kwa gunia, au ubao wa kuburuzia kutoka chini hadi kwenye bodi la gari. Ukiwa msimamizi wa kupakia, uamuzi huo ni wako. Kumlaumu kijana kwamba hajui kubeba ni kukwepa jambo.

Maumivu ya kiuno yakiambatana na ganzi sehemu za siri na katikati ya mapaja, au mkojo ukagoma au ukatoka bila hiari, au mguu ukalegea ghafla, usichuliwe. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Kinachokuangusha

Udongo mwekundu wa Njombe ukilowa ni sabuni, hilo kila mtu analijua. Lisilofikiriwa ni gambuti. Likiwa kubwa kuliko mguu, unyayo huteleza ndani ya kiatu kabla kiatu hakijateleza ardhini, na taarifa inayofika kichwani inakuja imechelewa. Chukua la saizi yako pamoja na soksi nene, na ukiona kashata za soli zimelika, lipeleke bustanini na barabarani usilivae. Kandambili kwenye mteremko wenye matope ziache. Shuka mteremko kwa hatua fupi, magoti yamelegea, ubavu ukitangulia kama pamesimama sana.

Msimu huo huo wa mvua ndio wa ulanzi, pombe ya mianzi, na hapo mwenye kupanga mambo hakutuhurumia. Pombe huvuruga majimaji ya sikio la ndani na sehemu ya ubongo inayoratibu hatua, kwa hiyo chanzo kimoja kati ya vitatu kimelala na mratibu mwenyewe amelewa. Ukiongeza kwamba kumeshaingia giza na macho hayaoni, hesabu unayo. Beba tochi, ondoka kilabuni kabla ya jua kuzama.

Baridi nayo ina mtego wake. Jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa hutoa gesi ya monoksidi ya kaboni, isiyo na harufu. Kichwa kinauma, kizunguzungu kinakuja, unasimama unaanguka. Ukikihisi, toka nje haraka na umtoe kila aliyemo. Na jiko lisilale na watu ndani.

Kuna kizunguzungu kingine kinachokuja ukijigeuza kitandani au ukitazama juu kuchuma parachichi, chumba kizunguke sekunde chache kisha kitulie. Wengi hukiita presha au malaria na kumeza dawa bila kipimo. Mara nyingi ni vichembe vya chokaa vilivyohama mahali pake ndani ya sikio, na daktari au mtaalamu wa fiziotherapia anaweza kuvirudisha kwa kukulaza na kugeuza kichwa kwa mpangilio maalumu, bila dawa. Mwombe akufanyie, usijaribu nyumbani mara ya kwanza.

Ganzi ya nyayo haizungumzwi vya kutosha. Kisukari huileta. VVU huileta pia, na katika utafiti wa kitaifa wa 2022–2023 Njombe ilikuwa mkoa wenye kiwango cha juu kuliko yote nchini, asilimia 12.7 ya watu wazima. Stavudine, dawa ya zamani ya kufubaza virusi iliyokwisha kuachwa, iliwaachia wengi ganzi hiyo. Isoniazid, inayotumika kwa kifua kikuu na kukikinga, nayo inaweza kuileta, ndiyo sababu hutolewa pamoja na vitamini B6. Ukiona miguu inachoma au huhisi sakafu vizuri, mweleze mhudumu wa kliniki na umuulize kuhusu hiyo B6. Usiache dawa. Kagua nyayo kila jioni, na usitembee peku gizani.

Wazee wetu wanaotumia dawa za presha waamke kwa vituo: kaa ukingoni mwa kitanda, chezesha vifundo vya miguu, hesabu hadi thelathini, ndipo usimame. Choo kikiwa nje, funga kamba ya kushika toka mlangoni hadi huko.

Mwisho mkongojo. Karibu kila mzee aliyeumia goti la kulia utamkuta ameushika kwa mkono wa kulia. Ushikwe mkono wa upande mzima, utangulie sambamba na mguu mbovu, ndipo uzito ugawanyike. Urefu wake: mzee asimame na viatu, mikono ining'inie, kichwa cha mkongojo kifike kwenye mkunjo wa kiganja na mkono. Ukizidi, kata chini kwa msumeno, kisha vika kipande cha mpira wa tairi ili usiteleze. Kwenye ngazi, mguu mzima ndio hutangulia kupanda, na mguu mbovu pamoja na mkongojo ndio hutangulia kushuka.