Kondo la Nyuma Nalo Lina Uzito Wake



Mke anapojifungua, sisi waume huuliza maswali mawili tu: Ni mvulana au msichana? Ana kilo ngapi? Nami niliuliza hayo hayo. Mkunga mmoja mzee akanijibu, kisha akaongeza, "Na kondo la nyuma je? Huulizi habari zake?" Niliona haya, maana kwetu hayo ni mambo ya akina mama.

Kumbe ni mambo yetu sote. Mtoto tumboni hali kwa mdomo wala havuti hewa kwa pua. Yote humjia kutoka damu ya mama kwa kupitia kondo. Mimba ikitimia, kwa kawaida kondo huwa na gramu 500 hivi, yaani kama sehemu moja ya sita ya mtoto wa kilo 3. Gramu chache pungufu zisiwatie hofu. Lakini likiwa dogo mno, mara nyingi mtoto naye amepata haba, na pengine huzaliwa chini ya kilo 2 na nusu.

Hulidhoofisha nini? Presha ya mama, lishe duni, sigara, na hasa malaria. Ninyi mnaoishi Pwani au kando ya Ziwa Victoria, sikieni: vijidudu vya malaria hujificha ndani ya kondo hata kama mama hana homa, na mimba ya kwanza ndiyo huumia zaidi. Ndiyo sababu kliniki za huko huwapa waja wazito vidonge vya kuzuia malaria kuanzia mwezi wa nne. Mama amweleze muuguzi dawa nyingine anazotumia. Na chandarua, bwana, kiwe juu ya kitanda cha mkeo, si ndani ya sanduku!

Kondo kubwa kupita kiasi nalo si la kujivunia. Laweza kutokana na ugonjwa wa sukari, upungufu wa damu, au kaswende. Kaswende ikionekana kwa mke, msianze kulaumiana. Nendeni wote wawili mkapimwe na kutibiwa, la sivyo mmoja atamwambukiza mwenzake tena. Kwa upungufu wa damu, mama ameze vidonge vya madini ya chuma kila siku, ale maharagwe, mboga za majani na omena, na asinywe chai papo hapo baada ya chakula, kwa kuwa chai huzuia madini hayo. Mitungi ya maji mbebee wewe.

Mwaka wa 1990 Profesa David Barker na wenzake wa Uingereza walieleza habari za watu 449 waliozaliwa mjini Preston kati ya 1935 na 1943. Waliozaliwa wadogo huku kondo lao likiwa kubwa ndio waliokuwa na presha ya juu zaidi walipofika umri wa miaka 50 hivi. Miaka 50, ndugu!

Likishatoka, mkunga hulikagua aone kama limekamilika, maana kipande kikibaki ndani, mama aweza kutokwa na damu nyingi mno. Na kama mtoto amezaliwa nyumbani kwa ghafla, nusu saa ikapita kondo halijatoka, msilivute wala msingoje kupambazuke. Tafuta gari usiku huo huo, mpeleke hospitali.