Malazi ya Mtegaji Safarini

Mtegaji wa panya hawezi kulala mbali na mitego yake. Sharti aiangalie alfajiri, kabla umande haujakauka, maana panya akikaa mtegoni mpaka jua kali huliwa na siafu au huchukuliwa na mwewe. Na mwenye shamba aliyeahidi kulipa kwa hesabu ya panya halipi kwa panya asiyemwona. Kwa sababu hiyo malazi yake hayatafutwi penye nyumba za wageni, bali karibu na mashamba.

Tuseme kijana wa Mgololo, katika nchi ya Mufindi, amesikia ya kuwa panya wanaharibu mpunga huko Mlimba, katika bonde la Kilombero. Reli ya Tazara, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, huteremka kutoka milima yenye baridi, ikapita ndani ya mahandaki mengi, hata ikafika penye joto. Mtu wa milimani hufunga blanketi kwanza. Afadhali afunge chandarua kwanza, maana mbu wa bondeni ni wengi na mwili wake haukuzoea malaria.

Akifika, aende kwa mwenyekiti wa kijiji aeleze kazi yake. Asiingie shamba la mtu bila ruhusa, wala asitege wanyama wa porini, kwa kuwa Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2009 hutaka kibali. Kisha apige hodi kwa mwenye nyumba.

"Karibu, kijana."

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Watoka wapi?"

"Natoka Mgololo, nimekuja kutega panya. Naomba mahali pa kulala siku kumi. Fedha yangu ni kidogo, lakini panya wa ghalani mwako nitawatega bila malipo."

Maneno hayo hayana aibu. Mwenye ghala hujua hasara ya panya kuliko mtu mwingine yeyote. Walakini mapatano yafanywe kabla ya kutua mzigo: chakula kimo au hakimo, kuni ni za nani, maji yatatekwa na nani.

Sasa huja jambo kubwa. Mara nyingine mgeni huonyeshwa kibanda kikuukuu kisichokaliwa na mtu, akaambiwa alale bure. Atazame sakafu kabla ya kushukuru. Katika nyufa za udongo huweza kukaa papasi, yaani kupe wa nyumbani, ambaye hutoka usiku, hunyonya damu ya mtu aliyelala, kisha hurudi ufani. Aweza kukaa miaka bila kula, akingoja mgeni. Mwaka 1905 daktari Mjerumani, Robert Koch, aliwachunguza kupe hao katika njia za misafara ya nchi yetu, akaona ya kuwa vijidudu vya homa hupita hata katika mayai yao, hivi kwamba watoto wao nao huambukiza. Mwaka uo huo daktari Mwingereza, Joseph Dutton, aliyekuwa akichunguza homa hiyo hiyo katika Kongo ya mashariki, alifariki kwa ugonjwa huo. Siku hizi nyumba nyingi zina sakafu ya saruji, na papasi wamepungua, lakini hawajatoweka katika Tanzania.

Basi, kibanda kikiwa na nyufa, kijana aombe ruhusa ya kukisiriba kwa udongo mpya, sakafu na kuta mpaka chini. Ni kazi ya siku moja. Asilale chini juu ya mkeka. Aazime kitanda, akiweke mbali na ukuta. Kama mwenyeji hana kitanda, ni bora alipe fedha kidogo kwa jirani mwenye sakafu nzuri.

Tena panya aliowakamata wasiingie chumbani hata usiku mmoja. Viroboto humwacha panya aliyekufa wakatafuta mwili wenye joto, na viroboto hao ndio waletao tauni. Wahesabiwe nje mbele ya mwenye shamba, wasishikwe kwa mikono mitupu, kisha wafukiwe katika shimo refu.

Homa ikimshika baada ya kurudi Mgololo, amwambie mganga wa zahanati mahali alipolala. Homa ya papasi huacha siku chache, kisha hurudi. Na mgonjwa asemaye "nina homa" tu, huenda akapewa dawa ya malaria peke yake.