Kompyuta ya Bei Nafuu: Tupige Hesabu Yote

Leo tujifunze tofauti ya bei na gharama. Mfano wetu ni kompyuta za nyumbani za Uingereza.

Mwaka 1981 kampuni ya Sinclair, ya mji wa Cambridge, ilitoa kompyuta ndogo iitwayo ZX81. Bei yake ilikuwa paundi 69.95. Aliyeweza kuiunganisha mwenyewe alinunua vipande vyake kwa paundi 49.95. Mwaka huo huo, huko Marekani, kompyuta ya IBM ilianza kuuzwa kwa dola 1,565. Jamani, nani asingeikimbilia ZX81? Ziliuzwa zaidi ya milioni moja.

Je, unafuu ule ulitoka wapi? Ulitokana na vitu vilivyopunguzwa. ZX81 haikuwa na kioo chake. Ilichomekwa kwenye televisheni ya nyumbani. Kazi ilihifadhiwa kwenye kanda ya kaseti. Haikuonyesha rangi wala haikutoa sauti. Kumbukumbu yake ilikuwa na nafasi ya herufi elfu moja hivi tu. Hata barua ya kurasa mbili isingeenea humo.

Basi mnunuzi alitoa pesa tena. Kifaa cha kuongeza kumbukumbu kiliuzwa paundi 49.95, sawasawa na bei ya ile kompyuta ya vipande! Hebu tujumlishe:

Kompyuta: 69.95
Kifaa: 49.95
Jumla: paundi 119.90

Na asiyekuwa na televisheni au kinasa sauti, hesabu yake ilizidi hapo.

Hatusemi kwamba walikosea kununua. Wengi walijifunzia kazi kwenye kompyuta ile. Tunasema hivi: bei ni ile unayoambiwa dukani, gharama ni ile inayotoka mfukoni mpaka kitu kifanye kazi.

Mwaka 2012, mjini Cambridge kule kule, ilitoka kompyuta iitwayo Raspberry Pi kwa dola 35. Nayo iliuzwa bila kioo na bila kibao cha herufi. Mnaona? Njia ni ile ile.

Kwa hiyo, unapotaka kumnunulia mtoto kompyuta, hata ya mtumba, usiulize bei peke yake. Uliza: chaja ipo? Betri inatunza moto? Umeme nitaupata wapi? Ikiharibika, fundi yuko karibu? Andika kila jibu na bei yake, kisha jumlisha. Kalamu unayo, na hesabu unazijua.

MASWALI
1. Kwa nini ZX81 iliuzwa bei nafuu?
2. Eleza tofauti ya bei na gharama.
3. Taja kitu ulichonunua kikakudai pesa nyingine. Gharama yake yote ilikuwa kiasi gani?