Kuondoa Ncha Kali Katika Kazi za Bati

Tulipokuwa tukisimamia mazoezi ya kufundisha katika shule moja wilayani Bariadi, tulimwona mwalimu mwanachuo akimwagiza mwanafunzi apitishe kidole ukingoni mwa kizoleo cha taka alichokitengeneza kwa bati la debe, ili ajue kama ni laini. Kidole kilichanika. Mtoto yule alijifunza kuliogopa bati. Hakujifunza kuikamilisha kazi yake.

Bati linapokatwa kwa mkasi, sehemu ya chuma husukumwa pembeni na kubaki ukingoni kama vijimeno vyembamba. Vijimeno hivyo ni vigumu kuonekana, lakini hupasua ngozi upesi, na jeraha dogo likiingiwa na udongo laweza kuleta pepopunda. Kwa hiyo somo lisiishie kwenye kukata na kukunja. Tunashauri hatua hizi:

1. Kabla ya kukunja, bati libanwe kwa jiliwa baina ya vipande viwili vya ubao, ukingo ujitokeze kidogo tu ili usitetemeke.

2. Itumike tupa laini yenye mpini. Isukumwe mbele kwa mshazari, kisha iinuliwe inaporudishwa, kwa maana meno yake hukata yaendapo mbele.

3. Upande wa pili nao upigwe tupa kidogo, kwani kupiga tupa upande mmoja huweza kusukuma vijimeno vipya upande mwingine.

4. Unga wa chuma uondolewe kwa brashi, si kwa kiganja wala kwa kupuliza.

5. Ukingo ukaguliwe kwa pamba.

Hatua ya mwisho ndiyo kiini cha somo, na katika Mkoa wa Simiyu, ambako pamba hulimwa kwa wingi, haihitaji gharama. Mwanafunzi ashike fungu la pamba na kulipitisha polepole ukingoni. Nyuzi zikinaswa, hapo pana kijimeno. Mwalimu asimwambie, "Umekosea", amwulize, "Pamba imenaswa wapi, na kwa nini?" Hivyo mtoto hujihukumu mwenyewe na kurudia tupa bila kusukumwa.

Viwandani, vipuri vidogo huzungushwa ndani ya pipa pamoja na vijiwe hadi ncha zake ziishe. Njia ni nyingine, lakini shabaha ni ile ile: kitu hakijamalizika mpaka atakayekishika awe salama.

Zoezi: Andaa somo la dakika 40 kwa kufuata hatua hizi, ukieleza maswali utakayouliza katika hatua ya tano.