Kupitisha Waya wa Umeme Chini ya Mto

Wasomaji wa Morogoro waujua Mto Ngerengere. Wakati wa kiangazi maji yake hupungua sana; masika ikija hubeba mchanga na magogo. Basi tuseme mafundi wataka kuvusha waya wa umeme hata ng'ambo ya pili, wala hawataki kuutundika juu ya nguzo. Wafanyeje?

Mtu atafikiri: na wachimbe mfereji, walaze waya, wafukie. Yawezekana, lakini ukingo uliokatwa hulegea, na mvua kubwa huuchukua pamoja na shamba lililo karibu. Tena sakafu ya mto haitulii. Mafuriko huukwangua mchanga, na waya uliofukiwa juujuu huonekana siku moja u wazi.

Njia nyingine ni kutoboa kwa keekee. Mashine huwekwa mbali kidogo na maji, nayo husukuma bomba la chuma ardhini kwa mshazari. Bomba likiisha kuingia, jingine hufungwa nyuma yake, na jingine tena, mpaka yawe kama ufito mmoja mrefu upindikao.

Mwalimu atauliza: chuma kilichozama kitajuaje kupinda na kupanda upande wa pili? Swali jema. Ncha ya keekee hii si sawa na ile ya seremala. Imekatwa upande mmoja tu, mfano wa patasi. Ikizungushwa huku ikisukumwa, huenda moja kwa moja. Ikisukumwa pasipo kuzungushwa, udongo huusukuma upande ule uliokatwa, na ncha hugeuka. Nyuma ya ncha kimo chombo kidogo kipelekacho habari, na fundi aliye juu ya ardhi husoma kina na mwelekeo wake.

Keekee ikitokea ng'ambo huvuliwa, na mahali pake hutiwa chuma kipana, kikavutwa kurudi nyuma ili kupanua tundu. Kisha bomba la plastiki huvutwa ndani ya tundu, na waya hupitishwa ndani ya bomba. Waya ukiharibika baadaye, huvutwa ukatiwa mwingine, na mto hauguswi.

Zamani kazi ya chini ya mto iliua watu. Huko London, Marc Brunel alianza mwaka 1825 kuchimba njia chini ya Mto Thames. Maji yalipasua yakaingia, na mwezi wa Januari 1828 watu 6 walikufa. Njia haikufunguliwa ila mwaka 1843. Keekee niisemayo ilivuka mto mwaka 1971, chini ya Mto Pajaro katika California, Marekani, kwa ajili ya bomba la gesi, wala hapana mtu aliyeshuka chini.

Lakini msomaji asidhani kila mto wafaa. Milimani kwetu Uluguru maji hushuka juu ya majabali ya mwamba mgumu, na penye mawe yaliyochanganyika na mchanga keekee hupotoka na tundu huporomoka. Huko nguzo mbili na waya wa juu ni akili zaidi, tena gharama yake ni ndogo.

Jambo litupasalo sisi tunywao maji ya mto ni habari ya tope. Keekee hutiliwa maji yaliyochanganywa na bentonaiti, yaani udongo laini ufurao majini. Tope hili hupoza chuma, hutoa mchanga uliochimbwa, na huzuia kuta za tundu zisianguke. Kwa asili yake si sumu. Dawa zilizoongezwa ndizo za kuuliza. Lakini pampu ikizidisha nguvu, au tundu likiwa karibu mno na sakafu ya mto, tope huchomoza katikati ya maji, likaziba matamvua ya samaki na kuchafua maji ya kunywa. Na Ngerengere humwagika katika Ruvu, ambao Dar es Salaam huutegemea kwa maji.

Kwa hiyo kazi kama hii ikija kijijini, wazee waulize kabla mashine haijafika: tundu litapita kina gani chini ya sakafu, na tope litokalo litatiwa wapi? Yafaa likusanywe katika shimo lililo mbali na ukingo, kisha lichukuliwe. Siku za kazi mtu mmoja akae upande wa chini wa mto, akiyatazama maji. Akiona wingu la kijivu likipanda kutoka sakafuni, na apige kelele, ili fundi asimamishe pampu mara moja na watu wa chini wapelekewe habari wasiteke.